Shida ya Usiku ya Nyumba Yetu

Harufu yenyewe ni ya majani makavu ya mgomba yaliyolowa. Wiki iliyopita mvua ilinikuta sokoni hapa Msasani, nikajibanza chini ya turubai la mama mmoja anayeuza ndizi. Mikungu yake alikuwa ameizungushia majani makavu isichubuke njiani, na maji yalikuwa yameingia. Akaanza kuyabandua. Harufu ikapanda, nami mtu mzima, mama wa watoto watatu, nikajikuta nimepeleka mkono nyuma naipapasa sketi kama imelowa. Yule mama akaniuliza, "Dada, umekalia maji?" Nikamwambia hapana. Nikatoka nikaondoka na mvua ile ile niliyokuwa naikimbia.

Mimi nilikuwa kikojozi. Nalisema hivyo hivyo, maana wenzangu wa rika langu mnajua kwamba jambo hilo halikuwa na neno la adabu. Lilikuwa na neno hilo moja, na watoto waliliimba. Wala sikuwa yule kikojozi wa miaka mitatu minne ambaye watu humcheka huku wamempakata. Nilikuwa msichana wa darasa la tatu, najua kusoma, najua kusonga ugali, natumwa mashineni na debe la mahindi kichwani, na kila kukicha godoro langu limelowa.

Nililelewa na bibi yangu mzaa baba, huko Matwebe, wilayani Rungwe. Baba na mama walikuwa wakifanya kazi kwenye mashamba ya chai, wanakaa kambini, chumba kimoja na wadogo zangu, kwa hiyo mimi mkubwa niliachwa kwa Bibi nimsaidie kuchota maji. Bibi alinishonea godoro la gunia akalijaza majani makavu ya mgomba. Ni godoro zuri, lina joto, na ukigeuka linapiga kelele. Ila likilowa lina harufu yake, na kwetu kukausha kitu ni kazi. Anayeijua Rungwe anajua. Inanyesha leo, inanyesha kesho, jua likichungulia linachungulia kama limekuja kuazima kitu, halafu linarudi kwao. Basi Bibi alikuwa anayatoa yale majani mapema, watu hawajaanza kupita njiani, anayafukia chini ya migomba na kujaza mengine. Gunia na blanketi anavitandaza kwenye kichanja cha jikoni, juu ya moto. Blanketi langu lilinuka moshi kuliko blanketi lolote kijijini, nami nikashukuru, kwa sababu moshi kila mtu alinuka.

Hakunipiga. Nalisema hilo kwa sababu najua wengi wenu mlipigwa, na wengine mlitembezwa na blanketi shingoni. Bibi alikuwa na dawa moja tu, kuomba, na dawa hiyo ilinitesa kuliko fimbo.

Alikuwa anaomba kwa sauti. Kuomba kimoyomoyo hakujui; alisema mtu wa kimoyomoyo anaomba huku anafikiria mboga. Asubuhi anapuliza moto na kuomba, analima na kuomba, anamkamua ng'ombe na kuomba, mpaka ng'ombe mwenyewe nadhani alizoea. Alianza kwa Kiswahili, kama mwinjilisti alivyotufundisha, lakini akikolea anahamia Kinyakyusa, anamwita Kyala, na hapo ujue chakula kitachelewa. Na kila Alhamisi jioni ilikuwapo ibada ya nyumba kwa nyumba. Majirani wa upande wetu walikusanyika wiki hii kwa huyu, wiki ijayo kwa yule, kwa zamu. Wanaimba, mmoja anasoma Neno, halafu kila mwenye shida anaitaja wenzake wamwombee. Huyu ng'ombe wake hashiki mimba, yule mwanawe yuko Dar na hajulikani hali. Ikifika kwa Bibi, nainamisha kichwa.

"Na mimi," anasema, "naomba mniombee shida ya usiku ya nyumba yangu. Bwana anaijua."

Haongezi neno. Lakini kwangu mimi hapo alikuwa amekwisha kuniua. Nyumba yetu ilikuwa na watu wawili tu. Nilikaa mkekani nimebana magoti, nikisubiri mtu mmoja apige hesabu. Hakuna aliyepiga. Wengine walidhani Bibi hapati usingizi, wengine wakadhani anasumbuliwa na wachawi, na mama mmoja aliwahi kumletea kitunguu saumu aweke mlangoni. Bibi akamshukuru sana, akakitia kwenye maharage.

Nilimlalamikia tukiwa njiani kurudi. "Bibi, kwa nini unawaambia watu?"

"Sijawaambia watu. Nimemwambia Mungu."

"Lakini wanasikia."

"Wamesikia nini? Wamesikia usiku. Nani hana usiku?"

"Sasa mbona hajibu?"

"Subiri," akasema, na kunishika mkono tuvuke tope.

Hilo ndilo lilikuwa jibu lake kwa kila kitu. Maharage hayajaiva, subiri. Baba amesema atakuja na hakuja, subiri. Mtoto ukimwachia neno moja namna hiyo, atakaa nalo na kulitafutia maana yake mwenyewe, na mimi nililipatia maana kwenye ile zamu. Kila Alhamisi watu wakishaingia, mwenye nyumba husimama akasema, "Bwana Yesu, karibu katika nyumba hii." Wakimaliza, wanamshukuru kwa kuja. Nikaona nimeelewa. Mungu anazunguka kwa zamu. Wiki hii yuko kwa huyu, mambo ya huyu yananyooka. Wiki ijayo anahamia kwa mzee wa kanisa ng'ambo ya kijito. Bibi alikuwa anakosea kitu kidogo tu: anamwomba akiwa kwenye nyumba za watu, na mgeni mwenye adabu hawezi kushughulikia mambo ya nyumba nyingine mbele ya mwenyeji wake. Kwetu atashughulika siku ya zamu yetu. Kumbe ndiyo maana tunaambiwa tusubiri. Sikumweleza mtu, nikaanza kuingoja zamu yetu.

Wakati huo huo Mama Ipyana akanichagua. Mama Ipyana alikuwa jirani yetu na mwalimu wa kwaya ya watoto, mwanamke wa sauti kubwa na machozi ya karibu, anayecheka upesi na kulia upesi, na akikupenda hupumui. Kwaya za watoto za sharika za upande wetu zilikuwa zikutane kwenye kijiji cha Masoko, kulala huko Jumamosi na kuimba Jumapili. Akatupanga mstari, akatusikiliza mmoja mmoja, akanielekezea kidole. "Wewe ndiye utakayeanzisha. Usipoanza wewe, hakuna wimbo."

Sijawahi kutaka kitu kama nilivyotaka kile. Hata harusi yangu sikuitaka hivyo, na mume wangu asisome hapa. Mimi, wa blanketi la moshi, nitasimama mbele ya sharika zote, wote wamenyamaza wananisubiri. Lakini kulala. Tungelala kwenye darasa, wasichana wote kwenye mikeka, bega kwa bega. Asubuhi moja tu iliyolowa, na mimi sitakuwa kikojozi wa Matwebe, nitakuwa kikojozi wa wilaya nzima, na hakuna atakayekumbuka kwamba niliimba.

Nikamwambia Bibi siendi.

"Hutaki?"

Nikaanza kulia.

"Basi unataka," akasema. "Tutaomba."

Zamu yetu ikaangukia Alhamisi ya kabla ya safari, nami nikajua Mungu mwenyewe ndiye aliyepanga. Nilisiriba sakafu upya, nikafagia uwanja mpaka kwa jirani. Nilikata majani mabichi ya mgomba ya kuandalia magimbi. Kigoda chetu kizuri nilikiweka karibu na mlango wa chumba tulicholala, na kila aliyetaka kukikalia nilimwambia kina mguu mbovu. Mama Ipyana alitaka kukijaribu hivyo hivyo, nikamkimbilia na mkeka. Kigoda kikabaki kitupu ibada nzima, nami nilikuwa nakitazama kwa jicho la pembeni wakati wote wamefumba macho.

"Bibi," nilikuwa nimemwambia mchana, "leo anza na sisi. Wagonjwa na wengine waje baadaye."

Alinitazama kidogo, lakini jioni alifanya hivyo. Alianza na sisi, kwa Kinyakyusa tangu mwanzo mpaka mwisho. Mimi sikuwa na wasiwasi tena.

Ijumaa niliamka mkavu. Jumamosi nikaamka mkavu tena. Bibi alipitisha kiganja juu ya gunia, taratibu, kutoka mwanzo mpaka mwisho, akasema, "Ndaga, Kyala," yaani asante, Mungu. Halafu akaanza kufunga kifurushi chake.

"Unakwenda wapi, Bibi?"

"Masoko. Nitasaidia kupika."

Alikuwa na goti bovu. Kanisani kwenyewe alifika kwa kupumzika njiani. Mama Ipyana alipomwona barabarani na kifurushi alishangaa. "Bibi, na goti hilo?"

"Goti nalo linakuja," Bibi akasema, akaanza kutembea.

Nilikasirika. Nawaambia ukweli, nilimkasirikia mpaka Masoko. Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ukishaomba uamini, na sasa Mungu amekuja nyumbani kwetu, amekalia kigoda, amemaliza kazi, halafu yeye anakuja kunilinda kama vile hakuna kilichofanyika. Njia nzima nilitembea mbele na wenzangu. Yeye alikuwa nyuma kabisa, na nikigeuka namwona anakokota mguu kati ya migomba, midomo yake inacheza.

Masoko walitupokea vizuri. Tulikula wali, tukafanya mazoezi, na nilipoanzisha wimbo wasichana wa sharika nyingine waligeuka kunitazama. Wakati wa kulala Bibi alikuja na mkeka wake, akautandika kati yangu na ukuta, akajinyoosha. Nikampa mgongo.

Kulipokuwa kunapambazuka nilihisi mkono wake. Nilikuwa nimelowa mgongo mzima. Sitaki kuieleza sana hali ile. Aliyeipitia anaijua, kwamba kwanza unahisi joto, halafu unahisi baridi, halafu unaelewa. Bibi alinivua gauni, akaniviringa kanga yake kavu, akanivuta upande wake wa ukutani. Kisha yeye mwenyewe akasogea akajilaza pale pangu, penye maji, akajifunika blanketi langu. Nilimsikia akivuta pumzi kwa sababu ya baridi. Nikalala pale nimefumba macho, nawaza kitu kimoja: wiki hii Mungu yuko Matwebe. Huku hakufika.

Kulipokucha vizuri, msichana mmoja wa usharika mwingine akauliza mbona kunanuka. Mwingine akanyoosha kidole sakafuni, maana darasa lilikuwa la saruji na maji yalikuwa yametambaa mpaka kwenye mkeka wa wenzetu. Mama Ipyana akaja, na kina mama wengine nyuma yake.

Bibi akainuka akakaa. "Ni mimi, mama," akasema. "Ni uzee. Nileteeni maji na kitambaa nifute."

Kule nyuma mmoja akacheka kwa pua, na kicheko kikaenea kwa wasichana, kile cha kuziba mdomo kwa mkono. Na huyu Bibi ni mwanamke ambaye Matwebe wanaume walimpisha njia. Alipiga magoti, goti lile bovu, akaanza kufuta sakafu kwa upande wa kitenge chake kabla hata kitambaa hakijaletwa. Nikaona uso wa Mama Ipyana ukipiga ile hesabu niliyoiogopa miaka yote, na akaipiga ikatoka vibaya.

"Kumbe," akasema kwa sauti ya chini. "Kumbe ndiyo ile shida ya usiku. Bibi, siku zote hizi, na sisi tunadhani wachawi."

"Siyo Bibi," nikasema. "Ni mimi."

Haukuwa ujasiri. Mdomo ulifunguka wenyewe, kwa sababu sikuweza kuitazama ile mikono inafuta. "Mimi ndiye niliyekojoa. Hata nyumbani ni mimi. Mimi ndiye kikojozi."

Mama Ipyana akanitazama. Nimesimama mkavu, ndani ya kanga kavu, kwenye mkeka mkavu. Machozi yakamjaa. "Jamani," akawageukia wenzake, "mwoneni huyu mtoto."

"Ni mimi kweli," nikasema, nikaanza kulia, na kadiri nilivyolia ndivyo alivyozidi kutoamini. Nikamtazama Bibi anitoe pale.

Bibi aliacha kufuta. "Mtoto anasema kweli," akasema. "Mimi ndiye niliyesema uongo."

"Ndiyo, Bibi, tumesikia," Mama Ipyana akamjibu kwa upole, namna watu wanavyowajibu wazee, akanikumbatia mpaka nikakosa pumzi.

Niliimba vizuri siku ile. Ndiyo aibu yenyewe. Ningeimba vibaya, ningekuwa na cha kulipia. Wimbo ulipokwisha, mchungaji alikuwa ameshahadithiwa. Alizungumza juu ya mtoto aliyekubali kubeba aibu ambayo si yake ili kumsitiri bibi yake mzee, akasema wazazi wajiulize kama wanalea watoto wa namna hiyo, kisha akaniita jina, nisimame. Nikasimama. Watu wakapiga makofi na vigelegele. Bibi alikuwa benchi la nyuma, karibu na mlango, kwa sababu kitenge chake hakikuwa kimekauka, na watu waligeuka kumtazama yeye pia, kwa huruma. Kila kitu alichosema mchungaji kilikuwa cha kweli, ila alikuwa ametuchanganya sisi wawili. Nilisimama pale nikipokea sifa za mtu aliyekaa nyuma yangu, amelowa.

Wenyeji wakanipa kuku wa zawadi, tetea mweupe. Tukarudi Matwebe mimi nimemkumbatia kuku, Bibi amebeba blanketi lililolowa. Safari hii nilitembea naye. Mpaka leo nikienda nyumbani wapo wazee wanaowaambia watoto wao, mnamwona huyu dada, huyu ndiye yule. Niliwahi kuwaeleza, nikiwa mtu mzima mwenye akili zangu. Wakatazamana wakasema, unaona, bado anamsitiri.

Tangu siku hiyo, kwenye ibada za Alhamisi, Bibi alipewa mahali pake karibu na mlango, na chini wanatandika gunia. Hawakuwa watu wabaya, walimtandikia kwa heshima. Kina mama walimletea mizizi ya kuchemsha. Na waliomba. Zamani waliombea shida ya usiku kwa neno moja, sasa waliijua kwa jina, wakaomba kwa kirefu, wakataja kibofu, wakataja uzee, na watoto wote tumekaa pale. Bibi alisema "Amina" kwa kila mmoja wao, kwa sauti, bila kuruka hata mmoja.

Siku moja nilishindwa. Tulikuwa tunamenya ndizi jikoni. "Bibi, waambie."

"Uliwaambia mwenyewe. Hawakuamini. Mimi niwaambie kwa lugha gani?"

"Lakini wanakuombea wewe, na wewe huumwi."

"Wanaiombea nyumba hii," akasema. "Wewe unakaa nyumba gani?"

Hapo ndipo nilipomweleza habari ya zamu. Nilimweleza yote, kigoda, na Mungu kubaki Matwebe sisi tukiwa Masoko. Nilidhani atacheka, maana alikuwa mcheshi. Aliweka kisu chini.

"Kwa hiyo siku nyingine zote," akasema, "ulikuwa unalala humu ukijua Mungu hayupo?"

"Yuko kwa watu. Mpaka zamu yetu ifike."

Akanivuta kichwa akakiegemeza kwenye bega lake, mikono yake ikiwa na utomvu wa ndizi. "Mimi ndiye niliyekuambia subiri," akasema. "Sikukuambia unasubiri ukiwa na nani. Nisamehe, mwanangu." Mtu mzima kuniomba msamaha ilikuwa mara ya kwanza, na iliniuma kuliko vicheko vya Masoko.

Akaendelea kuomba. Hakubadilisha hata neno. Shida ya usiku ya nyumba yangu, Bwana anaijua. Nami nikaendelea kuamka nimelowa, halafu mara moja moja, halafu kuna siku Bibi alipitisha kiganja juu ya gunia na nikatambua kwamba sikumbuki mara ya mwisho ilikuwa lini. Iliondoka bila kuaga. Hakukuwa na muujiza, hakukuwa na zamu ya mtu yeyote. Msimu wa mvua ukapita mzima na yale majani godoroni yakawa yanavunjika yenyewe kwa ukavu.

Nilidhani tumemaliza. Jumamosi moja nikamkuta Bibi anafuta mkungu wa ndizi kwa kitambaa, mkungu bora kuliko yote shambani, akisema ni wa kesho. Kwetu, aliyeomba akajibiwa huenda mbele ya kanisa na sadaka ya shukrani, na hutaja kile alichotendewa.

"Bibi, usiende," nikamwambia. "Watu wameanza kusahau. Ukienda watakumbuka upya."

"Watakumbuka."

"Watakucheka."

"Niliomba mbele ya watu," akasema, "nishukuru jikoni?"

"Basi twende wote. Niseme mimi."

Akafuta ndizi moja iliyokuwa tayari safi. "Ukisema, wataanza tena kukusifu," akasema. "Unaziweza hizo sifa?"

Sikuziweza. Nilikuwa na miaka kumi, na nilijua kabisa kwamba siziwezi.

Jumapili mchungaji akaita wenye shukrani. Bibi akatoka kule karibu na mlango, mkungu begani, anakokota mguu, na kanisa zima likamtazama akipita. Akauweka mkungu madhabahuni. Akasimama na kutugeukia.

"Shida ya usiku ya nyumba yangu," akasema, "Bwana amejibu. Ni pakavu. Nawashukuru wote mlioniombea."

Kanisa likalipuka. Mwanamke wa umri ule, kibofu cha umri ule, kupona. Kina mama walipiga vigelegele, mmoja akavua kanga akamtandikia chini apite juu yake, mzee wa kanisa akaanzisha wimbo kabla mchungaji hajaruhusu. Bibi akarudi akipita katikati, na kila mkono unataka kumgusa. Alipofika usawa wa benchi la kwaya ya watoto alisimama, akainama mpaka mdomo wake ukafika sikioni kwangu.

"Piga vigelegele na wewe," akasema. "Ni vyako."

Akaenda zake mlangoni, kwenye gunia lake. Nilifungua mdomo, mimi mwanzishaji, na sauti haikutoka. Nilikaa pale nikitazama magoti yangu, gauni langu kavu, kanisa zima limesimama linashangilia kitanda changu na hakuna anayejua. Mama Ipyana, uso umelowa machozi, akanishika mkono kuninyanyua.

"Simama, mwanangu," akasema. "Simama umshukuru Mungu. Bibi yako amepona."

Nikasimama.